Mama kafanyiwa oparesheni ya shingo kwa mbele, posho (ugali) haipiti na maji yanampalia. Hii itaisha?

Athieno_Tororo

Habari zenu ndugu zangu, poleni na kazi. Naomba msaada kwa yeyote aliyepitia hii kitu ama ana mgonjwa wa hivi nyumbani.

Mama yangu amepita miaka 60, ni mtu wa soko hapa Tororo, anauza nguo. Mwaka jana mikono ilianza kuwa mizito, akawa hawezi kufunga kifungo cha blauzi, sarafu zinamdondoka akimrudishia mteja chenji, baadaye akaanza kuyumba akitembea. Tulizunguka sana na dawa za maumivu mpaka picha ya MRI ndio ikaonyesha diski za shingo zimetokeza zinabana uti wa mgongo sehemu tatu, kuanzia pingili ya C4 mpaka ya C7. Daktari akatuambia tukingoja miguu nayo itaenda. Tukachanga familia nzima, ng'ombe wakauzwa, akapasuliwa Kampala, kwa mbele ya shingo, wakatoa diski zote tatu wakaweka vipande katikati na bati la titaniamu na skrubu.

Mikono kweli inarudi, kwa hiyo silaumu oparesheni. Shida ni koo. Siku za kwanza hata mate yalikuwa kazi kumeza, wakasema ni kawaida itapoa. Uvimbe kweli ulipungua, lakini sasa tunaenda wiki ya sita na bado posho ikifika katikati ya koo inasimama mpaka aiteme, nyama tumeacha kabisa, na maji ndio mabaya kuliko vyote, akinywa tu anapaliwa anakohoa mpaka machozi yanatoka. Uji mzito unapita. Sauti imekuwa ya kukwaruza, alikuwa anaimba kwaya na sasa hata kumwita mtoto aliye nje ya nyumba hawezi. Amekonda, gauni lake la gomesi linamzunguka mara mbili. Halafu mkono wa kulia toka siku ya pili au ya tatu baada ya oparesheni hauinuki kupita bega, vidole viko sawa tu ni kule kuinua.

Tarehe ya kliniki bado ni mwezi mzima na simu ya daktari inaita tu. Shangazi anataka apewe dawa ya miti shamba ya kusafisha koo, wengine wanasema tumwache Mungu atafanya. Nataka kujua, hii ni kawaida ya hii oparesheni ama kuna kitu kimeharibika ndani? Na saa hii nimpe chakula gani maana naogopa atakufa njaa akiwa na shingo nzima.

Dereva_wa_Malaba

Pole sana dada Athieno, mpe mama pole zetu. Mimi ni dereva wa trela, Mombasa Kampala Juba, shingo ilinikataa nikapasuliwa hivyo hivyo kwa mbele lakini mimi ilikuwa diski mbili za chini. Koo lilinisumbua sana, nilikuwa nasikia kama kuna kitu kimekaa pale hakishuki hakipandi, chapati nilikuwa naiangalia tu wenzangu wakila, na sauti ilikuwa ya chini mpaka turnboy wangu, msaidizi wa kwenye trela, akawa ndio ananiongelea kwa simu na wenye mizigo. Ilikuwa inapungua pole pole, si kwa siku, ni kwa wiki, ukilinganisha wiki hii na ile iliyopita ndio unaona tofauti. Mwezi wa tatu nikala posho na nyama ya kuchoma bila shida, sauti ikachelewa kidogo kuliko chakula lakini nayo ikarudi.

Kwa hiyo usikate tamaa. Lakini kitu kimoja, mimi maji yalikuwa yanapita. Sikuwahi kupaliwa na maji. Kwa hilo ngoja wenye kujua zaidi wakuambie maana mimi naona haliko sawa na langu.

Sista_Bombo

Mwanangu Athieno, mimi ni nesi mstaafu, nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi. Nitaandika kirefu uvumilie, na uelewe kwamba mimi sijamwona mama yako, kwa hiyo haya ni ya kukusaidia ujue uende wapi na useme nini ukifika.

Kwanza kwa nini koo linauma wakati waliopasua ni mfupa. Mifupa ya shingo iko nyuma. Mbele yake kuna umio, njia ya chakula, na mbele ya umio kuna bomba la hewa na koromeo. Daktari anayepita mbele hakati hivyo vitu, anavisukuma pembeni na kuvishikilia na vyuma muda wote anaofanya kazi. Diski moja ni muda mfupi, diski tatu ni muda mrefu, na kadiri vinavyoshikiliwa ndivyo vinavyovimba. Ongeza bomba la usingizi lililopita kooni. Ongeza bati lenyewe, kwa sababu linakaa mbele ya mfupa, umio unapita juu yake kila mtu akimeza. Ndio maana wagonjwa wengi sana wa oparesheni hii wanalalamika kumeza wiki za mwanzo, na wengi wao inaisha ndani ya miezi mitatu hivi. Wachache inaendelea mpaka mwaka na zaidi. Waliofanyiwa diski nyingi, wenye umri mkubwa na waliopasuliwa mara ya pili hao ndio tunawaangalia zaidi, wanawake pia.

Sasa njoo kwenye sauti na maji, hivi viwili viunganishe, usiviseme kwa daktari kama mambo mawili mbali mbali. Kuna mshipa wa fahamu wa sauti, uko wa kulia na wa kushoto. Unashuka kwanza mpaka kifuani, ule wa kushoto unazunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo, halafu unapanda tena pembeni ya bomba la hewa mpaka kwenye koromeo. Ni mrefu na ni mwembamba, ukivutwa wakati wa oparesheni unalala. Ukilala, uzi wa sauti wa upande ule haufungi vizuri. Na nyuzi za sauti kazi yake si kuongea tu, ndio mlango wa mapafu. Ukimeza unafunga ili chakula kisiingie. Mlango usipofunga sawa, maji yanayokimbia yanapenya kabla koo halijajipanga, ila uji mzito unatembea pole pole ndio maana unaona unapita. Huyo si mtu anayeumwa koo tu, huyo anahitaji kuangaliwa koromeo kwa kamera. Mara nyingi mshipa huo unaamka wenyewe kwa wiki au miezi, lakini wakati unangoja lazima umkinge mapafu yasiingie maji, kwa sababu hapo ndipo nimonia inapotokea.

Kwa hiyo jibu langu la moja kwa moja: posho kusimama wiki ya sita peke yake ningesema ngoja huku unaangalia. Kupaliwa na maji kila siku, pamoja na sauti kukwaruza, pamoja na kukonda, usingoje mwezi. Wiki hii hii.

Na kuna vitu ukiviona hata saa nane usiku unamtoa. Kushindwa kupumua au kupumua kwa sauti ya kukoroma akiwa macho. Shingo kuvimba ghafla. Homa na maumivu ya shingo yanayozidi, kidonda kutoa usaha au kutoa kitu chenye harufu ya chakula au mate, au ukigusa ngozi ya shingo unasikia kama inapasukapasuka chini ya vidole, hiyo ni hewa imeingia, umio umetoboka, ni nadra lakini inaua. Kushindwa kabisa kumeza hata mate. Miguu kuishiwa nguvu upya au mkojo kukataa kutoka. Maji meupe kama ya kisima yanayotiririka kwenye kidonda na kichwa kinachouma akikaa, kinapoa akilala, hayo ni maji ya uti wa mgongo.

Mkono: diski ya C4 na C5 ndipo unapotoka mshipa wa fahamu unaoinua bega. Kuna udhaifu unaotokea siku chache baada ya oparesheni ya shingo, mtu anaamka vizuri halafu siku ya pili ya tatu mkono hauinuki, vidole viko salama. Inajulikana, na wengi hurudi ndani ya miezi, lakini daktari aambiwe na fiziotherapi ianze mapema ili bega lisigande. Msimvute mkono kwa nguvu.

Jaduong_K

Mwanangu mimi naona mnatishana bure. Hapa upande wetu kuna mzee mchuaji, watu wanatoka mpaka Busia kumfuata, shingo zilizokataa hospitali yeye anazinyoosha. Mpeleke mama achuliwe taratibu na mafuta ya moto, na koo apewe maji ya mti ule mchungu asubuhi kabla hajala, litafunguka. Sisi tulikua hivyo.

Sista_Bombo

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, hapana. Shingo ile ina skrubu na bati, mifupa haijaungana bado, kuungana kunachukua miezi, kwa wengine karibu mwaka. Mtu akiichua na kuizungusha saa hii anaweza kusogeza vyuma, na nyuma ya vyuma ni uti wa mgongo wenyewe, uliokuwa umebanwa ndio kwanza umepumua. Na hayo maji ya mti, mama anapaliwa na maji safi, je akipaliwa na maji machungu yataenda wapi kama si kwenye mapafu? Naomba sana asipewe kitu chochote chepesi cha kunywa kwa kulazimishwa.

Jaduong_K

Sawa binti yangu, kama kuna vyuma ndani hilo sikulifikiria kwa uzito huo. Basi waende hospitali.

Kijana_Arua

Athieno pole. Naunga mkono sista kwa asilimia mia. Kaka yangu aligongwa na gari akiwa kwenye boda, pingili ya shingo ikavunjika, akapasuliwa kwa mbele katika hospitali moja nisiyoitaja. Usiku wa siku ile ile shingo ikaanza kujaa, akawa anatoa ishara kwamba hewa haitoshi, mimi naita muhudumu naambiwa ni uvimbe wa kawaida wa oparesheni. Akaja nesi mmoja wa zamu, kumwona tu akapiga kelele kwa daktari, wakafungua nyuzi za mshono pale pale kitandani damu iliyovilia ikatoka na kaka akapumua. Baadaye daktari alinieleza damu ikivilia mle inasukuma bomba la hewa na mtu anaisha kwa dakika. Kwa hiyo wote mnaosoma hapa mkiwa na mgonjwa wa hii oparesheni, ile siku ya kwanza na ya pili msimwache peke yake wodini, mtu akae macho, na mkiona shingo inakua msikubali kutulizwa kwa maneno.

Nyingine ya kaka huyo huyo. Kumeza kulirudi sawa kabisa, akakaa muda mrefu vizuri, halafu baada ya zaidi ya mwaka chakula kikaanza tena kukwama. Eksirei ikaonyesha skrubu moja imelegea imechomoza mbele ya bati inasukuma umio. Ikabidi irekebishwe. Kwa hiyo shida iliyokwisha ikirudi upya hiyo si ile ya mwanzo, ni nyingine, kapige picha.

MamaHadija_Jinja

Dada Athieno mimi sina ujuzi wa hospitali lakini kwa kulisha niulize, nilimlisha mama mkwe wangu baada ya kiharusi, naye alikuwa anapaliwa, na daktari wa kumeza alitufundisha mpaka tukajua.

Posho sahau kwa sasa, inashikana na kuganda kwenye koo. Chapati, viazi vitamu vikavu, mahindi ya kuchoma, karanga nzima, mkate mkavu, wali uliochambuka punje punje, vyote weka pembeni. Ambavyo ni chakula na maji kwa pamoja pia ni vibaya, kama supu yenye vipande ama katogo (matoke yaliyopikwa pamoja na nyama ama maharage) yenye mchuzi mwepesi, kwa sababu maji yanatangulia mama bado anatafuna nyama.

Matoke ndio rafiki yako. Yapike yaive kabisa, yaponde yakiwa moto mpaka hakuna donge, changanya na binyebwa (mchuzi wa karanga) mzito ama na maharage uliyoyaponda na kuchuja maganda. Maganda ya maharage ni adui usiyaache. Parachichi lililoiva, ndizi mbivu za kuponda, yai la kukoroga liwe laini lisikauke, samaki sato uliyemtoa miba wote na kumsaga na mchuzi wake. Mtu aliyekonda anahitaji nguvu kwenye kidogo anachokula, kwa hiyo kila uji uingie kitu: maziwa badala ya maji, siagi ya karanga, mukene (dagaa) iliyokaushwa vizuri ikasagwa unga laini kabisa ukachekecha. Ukipika uji wa mtama ama bushera (uji uliochachushwa) ufanye mzito mpaka unadondoka kutoka kwenye kijiko kwa shida, usiwe wa kumiminika. Mpe mara sita kwa siku kidogo kidogo, siyo sahani mbili kubwa, kwa sababu akichoka ndio anapaliwa zaidi, utaona mwanzo wa chakula anameza vizuri na mwishoni anaanza kukohoa. Hapo simamisha, hata kama sahani imebaki nusu.

Akae wima kabisa kwenye kiti, si kitandani ameegemea, na akimaliza asilale, akae nusu saa. Hakuna kuongea na kucheka akiwa na chakula mdomoni, na wageni waje saa nyingine. Na mpige mswaki asubuhi na jioni, ulimi pia, kwa sababu mate machafu yakipenya kwenye mapafu ndio yanaleta ugonjwa kuliko mate safi. Hilo watu wengi hawalijui.

Mpime uzito kila wiki kwenye mzani ule ule, hata kama ni wa kliniki ya watoto jirani, uandike kwenye daftari. Ukifika kwa daktari ukasema amekonda anakusikia, ukimwonyesha daftari anashtuka.

Tiba_ya_Usemi_KLA

Habari Athieno. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza, nilisomea Makerere. Tuko wachache nchini ndio maana watu wengi hawajui kwamba kumeza kuna mtaalamu wake, wanadhani sisi ni wa watoto wenye kigugumizi tu. Mama Hadija ameeleza vizuri sana, mimi naongeza pale alipoachia.

Kuna vipimo vitatu utasikia. Cha kwanza daktari wa masikio, pua na koo anapitisha kamera nyembamba puani anaangalia nyuzi za sauti zinavyotembea, hicho kinachukua dakika chache na kwa mama ndio cha kwanza kabisa. Cha pili ni eksirei ya video, mgonjwa anameza dawa nyeupe ya bariamu huku picha zinaenda, tunaona chakula kinapita wapi na kinakwama wapi. Cha tatu ni eksirei ya kawaida ya shingo kuona kama bati na skrubu ziko mahali pake na kama uvimbe mbele ya mfupa umeisha. Kama kuna wasiwasi wa umio kutoboka hawatatumia bariamu mwanzoni, watatumia dawa nyingine inayoyeyuka, hiyo waachie wao.

Tahadhari moja ambayo inatusumbua: kukohoa ni kinga. Kuna wagonjwa ambao koo limepoteza hisia, maji yanaingia kwenye mapafu na hawakohoi kabisa, familia inafurahi kwamba amepona. Kwa hiyo mama akiacha kukohoa usikimbilie kusherehekea, sikiliza sauti yake baada ya kumeza. Ikiwa ya majimaji, kama mtu anaongea na kohozi kooni, ama anapata homa za jioni na kifua kila mara, bado kitu kinapenya.

Mbinu za kumeza zipo, kuinamisha kidevu kidogo, kumeza mara mbili kwa tonge moja, kugeuza kichwa upande wa uzi uliolala. Zinasaidia kweli. Ila kwa mama usizianze wewe mwenyewe kwa sababu shingo yake ina vyuma vipya, daktari aliyempasua aseme kwanza ni kiasi gani anaruhusiwa kugeuza na kuinamisha. Na muulize kuhusu kola, ile ya kushikilia shingo. Kola ngumu ikiwa ndefu inasukuma kidevu juu, na mtu akiwa ameinua kidevu kumeza ni kugumu na kupaliwa ni rahisi, jaribu mwenyewe kumeza mate ukiangalia dari utaona. Wengine wanaruhusiwa kuilegeza ama kuivua wakati wa kula wakiwa wamekaa, wengine hapana. Usiivue bila kuuliza.

Dawa zake za vidonge zote zipeleke kwa mfamasia umuulize ipi inaweza kusagwa. Vidonge vinavyotoa dawa pole pole havisagwi kabisa, na kapsuli zingine hazifunguliwi. Kama anapewa amitriptilini kwa ajili ya maumivu ya mishipa, ile inakausha mate, na koo kavu halimezi, mwambie daktari.

Na ikionekana chakula cha mdomoni hakimtoshi, watasema mpira wa puani wa kulishia kwa muda. Watu wanaogopa mpira wakidhani ni mwisho wa mtu. Si mwisho, unamweka na nguvu wakati mshipa unaamka, halafu unatolewa.

Dereva_wa_Malaba

Naongeza kidogo tu, mimi nilikatazwa kununua dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni dukani, daktari alisema zile zinaweza kuchelewesha mfupa kuungana na nisinywe bila yeye kujua. Na sigara niliacha kwa lazima, aliniambia mfupa wa mvuta sigara unakataa kushikana. Mama najua havuti lakini kwa wengine wanaosoma. Hapa kwetu kila duka la dawa ukisema shingo unapewa diklofenaki kabla hujamaliza sentensi.

Athieno_Tororo

Ndugu zangu sijui niwashukuru vipi. Nimesoma yote nikamsomea mama kwa sauti, na shangazi akiwa amekaa pale, dawa ya mti imeisha hapo hapo.

Tulienda Mbale kwenye hospitali ya rufaa maana Kampala ni zaidi ya kilomita 200 na mama asingeweza kukaa kwenye taxi hivyo alivyo. Nilisema kama sista alivyonifundisha, sauti na maji kwa pamoja, nikatoa na karatasi za oparesheni. Kifua wamesikiliza, kiko safi, eksirei ya shingo wamesema vyuma viko mahali pake. Daktari wa koo akapitisha kamera, uzi wa sauti wa kulia hautembei, wa kushoto unatembea vizuri. Amesema inaelekea ni mshipa ulivutwa, anatarajia utarudi, anataka kumwona tena baada ya wiki kadhaa na asipoona mabadiliko kuna namna ya kudunga sindano kwenye ule uzi ili ujae na kusogea katikati, ule mwingine uufikie. Wameongea wenyewe na daktari wa Kampala kwa simu, akapokea, na kliniki ikasogezwa mbele. Bega nalo ameanza fiziotherapi.

Uji mzito na matoke ya binyebwa anakula. Maji anapewa yaliyofanywa mazito kidogo kwa kijiko, na hapo anakohoa kidogo sana. Jana alikula parachichi lote.

Nina swali moja. Daktari wa Kampala alishawahi kutaja kwamba diski iliyo juu ya zile tatu zilizotolewa inaanza kuchoka na siku moja huenda ikahitaji kufanyiwa kazi. Akipasuliwa tena si itaharibu na upande uliobaki?

Sista_Bombo

Alhamdulillah, nimefurahi sana mwanangu. Kuhusu sindano usiiogope, ni njia inayotumika na wengine inawapa sauti na kumeza haraka wakati mshipa bado unajitengeneza.

Swali lako ni zuri kuliko unavyojua. Mifupa ikishaunganishwa, diski za juu na za chini yake zinabeba kazi zaidi, kwa hiyo baada ya miaka zingine huchoka. Si wote wanapasuliwa, wengi wanaendelea na maisha. Lakini ikifika huko, hatari iko hapa: uzi wa kulia umelala. Kama haujaamka mpaka siku hiyo, na daktari akapita upande wa kushoto akaugusa na wa kushoto, nyuzi zote mbili zikilala hapo si suala la sauti tena, ni pumzi, mtu anaweza kuhitaji kutobolewa shingo apumue. Kwa hiyo kabla ya oparesheni yoyote ya shingo ya mbele, hata ya goita, lazima apimwe nyuzi kwa kamera kwanza, halafu daktari achague, apite upande ule ule wa zamani ama apite nyuma ya shingo.

Kwa sababu hiyo Mbale wakuandikie matokeo ya kamera, uzi upi na tarehe gani, wagonge mhuri. Kampala waombe ripoti ya oparesheni yenyewe, siyo ile karatasi fupi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na iwe imeandikwa walipita upande gani wa shingo. Piga picha zote kwenye simu yako na ya ndugu mwingine. Madaktari wanahama, mafaili yanapotea, na mama akifika mbele ya daktari mgeni akiwa na zile karatasi hahitaji kukumbuka chochote.

Na bega, baada ya mwezi niandikie hapa mkono umefika wapi.

Athieno_Tororo

Upande ni wa kulia, kovu liko pale. Ripoti naifuata Jumatatu, kuna binamu anakaa Wandegeya, Kampala, atanisaidia kuulizia. Nitarudi kuandika, sista.